Mume wangu anataka tuuze nyumba tukaishi ndani ya gari

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 57, mume wangu 61. Watoto wanajitegemea. Tangu astaafu mwaka jana, mume wangu hana hadithi nyingine ila gari-nyumba: lile kubwa la mita kumi, lenye kitanda, jiko na choo humo humo. Anataka tuuze nyumba, tulinunue, tuzunguke mpaka tuchoke. Mnunuzi wa nyumba ameshapatikana na anasubiri sahihi zetu mwisho wa mwezi ujao. Nyumba ni yetu sote wawili. Kila akiniuliza namjibu “tutaona”, na yeye ameshaanza kugawa vitabu vyake. Miaka minne iliyopita niliugua sana. Ni yeye aliyeniogesha na kunilisha kwa miezi saba. Nitamkatalia kwa uso gani? Juzi usiku nilichukua utepe nikapima kabati la marehemu mama. Haliingii. Nikalia. Nitie sahihi?

Mwenye Utepe

Mwenye Utepe, marahaba. Naipokea kwa cheo tu, maana kwa umri ulioutaja huenda mimi na wewe ni rika.

Usitie sahihi mwezi ujao. Hilo tumelimaliza, sasa tuzungumze.

Sijasema ulikatae gari. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye utepe. Mtu asiyetaka kitu hata kidogo hakipimii. Anayeamka usiku kupima kabati ameshaingia ndani ya gari lile kwa mawazo, anatafuta pa kuweka vitu vyake. Nahisi una hamu ya safari hii, ila mumeo amekuletea mambo mawili kwenye furushi moja, kusafiri na kuuza, na wewe umeshindwa kulikubali furushi wala kulikataa, ndiyo maana unasema “tutaona”. Lifungue. Kusafiri ni jambo moja. Kuuza ni jambo jingine kabisa, na halirudi nyuma.

Gari mkilichoka mtaliuza. Mtapata hasara, maana gari-nyumba huanza kushuka thamani siku linapotoka kwa muuzaji, lakini mtaliuza. Nyumba mkishaiuza, mkija kuitaka nyingine miaka mitatu baadaye mtaingia sokoni na bei za siku hiyo, mkiwa na fedha ambazo sehemu kubwa imegeuka kuwa chombo kinachozeeka kila mwaka. Hapo sijahesabu ada za kuuza na ada za kununua tena. Watu wengi walioishi hivi kwa furaha walirudi pia, wala si kwa kushindwa: goti lilikataa ngazi, macho yakapungua nguvu, au waliona wameshatosheka. Mwulize mumeo, kwa upole, siku mkitosheka mtarudi wapi. Kama jibu ni “tutajua hukohuko”, basi na yeye anasema “tutaona”, tofauti ni kwamba lake linagharimu nyumba.

Najua atakachosema: bila kuuza, fedha za gari zitatoka wapi? Swali la haki. Lakini nani alisema liwe la mita kumi, na jipya? Lililotumika, la mita sita au saba, huweza kuwa na bei ndogo mara kadhaa, na hupita kwenye njia ambazo lile kubwa litakwama. Nyumba ikipangishwa kwa mwaka mmoja, kodi ya mpangaji itawasaidia mafuta na matengenezo. Wapangaji wana vituko vyao, sikatai, lakini nyumba yenye mpangaji msumbufu bado ni nyumba yenu. Na kama hesabu zinagoma kabisa, kuna njia ya kati: uzeni hiyo, nunueni ndogo sana ya kufungia mlango na kuondoka, kinachobaki kiwe cha gari. Yote hayo yanahitaji muda, na mnunuzi mwenye tarehe mkononi hawapi muda. Wanunuzi wengine wapo.

Kabla hata ya kununua, kodini gari. Msichague wiki moja ya jua, kwani hiyo ni likizo, na kwenye likizo kila mtu anapendeza. Kodini wiki tano au sita katika msimu mbaya wa mwaka, muishi kama mtakavyoishi: mfue nguo, mmoja apate mafua, siku nzima ipite bila kuona kitu chochote cha kuvutia. Mimi na marehemu mume wangu tuliwahi kukodi kwa wiki tatu. Siku ya nne mvua haikukatika tangu alfajiri. Tuligombana, hata sikumbuki kwa nini, nadhani kilikuwa kifuniko cha sufuria. Nikainuka kwa hasira nitoke, na kuufikia mlango ilibidi kwanza nimwombe ainue miguu. Akainua. Nikafungua, nikaona matope, nikafunga, nikamwomba ainue tena. Ugomvi wa nyumbani una vyumba vya kwenda kununa, ule hauna. Kesho yake tulicheka. Siku yenyewe, hapana, hatukucheka.

Sasa niulize jambo ambalo hukuligusia: nani ataliendesha? Umeandika “anataka”, “tulinunue”, lakini sijaona popote ukishika usukani. Kama wewe huliendeshi, basi ndani ya gari lile utakuwa sehemu ya mizigo. Na mumeo akipata homa kali usiku, mko kilomita mia moja kutoka hospitalini, gari litasogezwa na nani? Sharti langu la kwanza kwa mwanamke yeyote anayeniuliza jambo hili ni hilo: ujifunze kuliendesha, kulirudisha nyuma na kuliegesha, tena si siku ya dharura. Gari la mita kumi lina mkia mrefu nyuma ya magurudumu, ukikata kona mkia unayumba upande wa pili na kugonga usichokiona. Lina kimo kinachozidi mita tatu mara nyingi, kwa hiyo kimo hicho kiandikwe mbele ya dereva, kabla daraja la chini halijawakumbusha.

Leseni nayo si ya kudhania. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, leseni ya kawaida ya gari dogo, daraja B, kwa kanuni iliyozoeleka huishia kilo 3,500, na juu ya hapo hadi kilo 7,500 unahitaji daraja C1. Magari ya mita kumi hupita kilo 3,500 bila taabu. Uingereza, waliofaulu mtihani kabla ya tarehe 1 Januari 1997 walipewa ruhusa ya hadi kilo 7,500 pamoja na leseni yao, ila wakifika miaka 70 hawaendelei nayo bila kupimwa afya. Mumeo ana 61. Popote mtakapokuwa mnaendesha, sheria ya huko itafuteni mapema, tena kwa ajili ya nyote wawili.

Uzito ndio unaowaumbua wengi. Gari lina uzito wake mtupu na kikomo chake likiwa limejaa, na tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo nafasi yote ya maisha yenu. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la lita 300 likijaa limeshameza kilo 300 kabla hujaweka nguo. Ongeza nyinyi wawili, vyombo, baiskeli, mitungi ya gesi, viti vya nje. Lipelekeni kwenye mizani likiwa limepakiwa, mpime kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu ya mbele na ule wa nyuma, peke yake, maana jumla inaweza kuwa sawa huku ekseli ya nyuma imezidiwa. Gari lililozidiwa laweza kupasua tairi na breki zisishike vizuri, na bima yaweza kukataa kuwalipa. (Kumbe utepe wako ulikuwa unapima kitu kisicho sahihi. Hata lingeingia kwa upana, kabati la mbao ngumu lingewashinda kwa kilo.)

Mkienda kutazama lililotumika, mwache mumeo apende injini, wewe vua viatu uingie ndani. Bonyeza kuta kwa kidole gumba pembeni mwa madirisha, chini ya dirisha la paa na ndani ya makabati ya juu. Penye ulaini au harufu ya ukungu, maji yameingia, na mbao zilizooza ndani ya kuta ni gharama ambayo inaweza kuzidi thamani ya gari. Kisha inama utazame tairi. Pembeni kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari haya hukaa sana, kwa hiyo tairi huzeeka kabla ya kuisha, na tairi lenye kashata nzuri laweza kupasuka kwa uzee. Mkilala humo, kigunduzi cha kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu, si pambo; gesi hiyo haina rangi wala harufu.

Kuna na yale ambayo wauzaji huyapita kwa tabasamu. Choo, kwa mfano. Kama ni cha tangi dogo la kuvuta, la lita 20 hivi, kwa watu wawili hujaa ndani ya siku mbili tatu, na mtu lazima alibebe akalimwage panaporuhusiwa. Amueni zamu kabla hamjaondoka. Nimeona ndoa nzuri zikiyumba kwa jambo hilo. Umeme pia: betri ya kawaida ya asidi hupaswi kuitumia chini ya nusu yake, ile ya lithiamu hukubali kutumika karibu yote, na ni nadra betri za gari-nyumba la kawaida kuendesha kiyoyozi usiku kucha bila umeme wa nje au jenereta. Mtajifunza, si elimu ngumu. Nataka tu mjue kwamba kazi za nyumbani hazikuuzwa pamoja na nyumba.

Kingine ni anwani. Benki, bima, daktari, leseni, kura, vyote huuliza unaishi wapi, na “barabarani” si jibu. Marekani wanaoishi hivi muda wote wamelizoea hilo, na wengi hujiandikisha katika majimbo ya South Dakota, Texas au Florida, ambako kuna huduma za kuwapokelea barua. Kwingine mambo huwa magumu zaidi, na wapo wanaotumia anwani ya mtoto. Bima nayo iambiwe wazi kwamba gari ndilo makazi, kwani bima nyingi zimeandikwa kwa watu wa likizo tu. Na mkivuka mipaka, kaeni na kalenda: nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi kwenye mipaka kati yao, kwa kawaida humruhusu mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya siku 90 ndani ya kila siku 180, na gari-nyumba halibadilishi hesabu hiyo.

Nimesema mengi kuhusu magurudumu kwa sababu ni rahisi kuyasema. La miezi saba ndilo lililokufunga mdomo. Mumeo alikuogesha na kukulisha, na Mungu amlipe. Lakini je, aliwahi kukudai? Barua yako haisemi hivyo. Deni hili umeliandika wewe, unalitunza wewe, na sasa unataka kulilipa kwa nyumba nzima bila yeye kujua kwamba analipwa. Hebu fikiri mwaka wa pili barabarani, mvua inanyesha, umechoka, ndipo unapomwambia: “Nilikuja huku kwa sababu uliniogesha.” Utakuwa umeiharibu ile miezi saba, kwake na kwako. Mtu aliyekutunza hivyo anastahili kusikia ukweli kutoka kwako akiwa bado anaweza kuutumia. Badala yake anagawa vitabu vyake akiamini mko pamoja. Hapo, samahani, unamkosea. “Tutaona” yako ameisikia kama “ndiyo”, na kila wiki inayopita anaipoteza rafu nyingine ya vitabu.

Kwa hiyo leo usiku, mkishakula, zimeni televisheni. Usianze na choo wala leseni, atakujibu moja moja mpaka alfajiri, wanaume wa aina hiyo huwa wameshasoma kila kitu. Anza na kabati. Mwambie ulilipima, ukalia. Kisha mwambie: “Nataka kusafiri nawe. Sitaki kuuza mwezi ujao.” Uziseme sentensi zote mbili, kwa mpangilio huo, halafu unyamaze umwache ajibu. Atakasirika kidogo kwa ajili ya mnunuzi. Atauliza mbona hukusema mapema, na hapo huna utetezi, omba radhi. Usimwahidi kwamba utabadili nia. Mwahidi wiki sita za kukodi, na tarehe mtakayokaa tena mezani kuamua.

Baada ya hizo wiki sita unaweza ukawa wewe ndiye unayetafuta mnunuzi. Imewahi kutokea, wala sitashangaa. Mkifika huko, uza ukiwa umetaka.

Kabati mpe mmoja wa wanao alitumie, lisifungiwe ghalani. Na siku ya kwanza mkienda kukodi, funguo zishike wewe.