Zamu za wanaojitolea kwenye maonyesho ya ndege
Dada, umeuliza kama wanaojitolea wanaweza kushika lango la Uhuru Gardens, bustani ya kumbukumbu jijini Nairobi, kutwa nzima siku ya maonyesho ya ndege. Hapana, watakukimbia. Gawa zamu za saa nne nne, na wapya waingie nusu saa kabla ya wa kwanza kutoka, wakabidhiane redio na funguo ana kwa ana. Usibadilishe zamu ndege zikiwa angani: kila mtu, hata askari wako wa lango, atakuwa ameinua shingo. Barabara ya Lang'ata itajaa magari mapema, kwa hiyo wa asubuhi wafike saa kumi na mbili. Weka watu wa akiba. Wapo watakaozima simu siku yenyewe. Nauli na chai ni lazima. Kwenye maegesho ya ndege, weka waliofunzwa tu.