Risiti ya shilingi mia tano

Kwa miaka sita nilimlipa mkusanya ushuru kila siku ya gulio, sokoni kwetu mashariki mwa Uganda, bila kudai risiti. Shilingi 500 tu, na wateja wamesimama mbele ya nyanya zako. Nani atangoja karatasi? Choo cha soko kilipojaa, tukafunga safari kina mama wanane mpaka gombolola, yaani ofisi ya serikali ya mtaa iliyo chini ya wilaya. Karani akafungua daftari akatusomea: soko hili lina meza 40. Sisi tulikuwa zaidi ya 100.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa maana ya wigo wa kodi. Kiwango ni kile unachotozwa wewe. Wigo ni wote na vyote vinavyoweza kutozwa: meza, maduka, majengo, mishahara. Soko letu lilikuwa mikononi mwa mzabuni, aliyeshinda zabuni ya kukusanya ushuru, na kiasi alichotakiwa kupeleka gombolola kilipigiwa hesabu kwa meza zile 40. Sote tulitoa pesa, lakini za zaidi ya nusu yetu gombolola haikuziona.

Wazee wanaikumbuka kodi ya kichwa, iliyowalaza wanaume vichakani wakisikia askari wa gombolola wanakuja. Ilipoondolewa mwaka 2005 nilishangilia, na sijutii, maana ilidhalilisha watu. Ila magombolola yalikuwa yakiitegemea mno. Kodi ya huduma za mitaa iliyoletwa 2008 huwapata zaidi wenye mishahara na biashara zinazojulikana, tena haizidi shilingi 100,000 kwa mwaka. Nyumba unayoishi mwenyewe haitozwi kodi ya majengo. Ndiyo maana wilaya nyingi zinaishi kwa ruzuku ya serikali kuu, na sehemu kubwa ya ruzuku hiyo huja imeshapangiwa kazi: hii mishahara ya walimu, hii ya zahanati. Choo cha soko kinangojea makusanyo ya hapa hapa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, dai risiti hata ya shilingi 500, na uitunze. Sisi tulianza kuzikusanya kwenye kopo moja, kisha tukahesabu meza wenyewe, safu kwa safu, tukapeleka orodha kwa diwani kabla zabuni haijatangazwa upya. Karatasi zile zilitusemea kuliko kelele zetu zote za awali.

Muulize pia mwenyekiti wako wa LC1, yaani baraza la kijiji, kuhusu fungu la kijiji. Vijijini, gombolola hubaki na asilimia 65 ya inachokusanya, na 35 huenda wilayani. Katika hizo 65, robo ni ya vijiji. Yaani kwenye kila shilingi milioni moja, vijiji vya gombolola vinagawana 162,500. Mwenyekiti wa kwetu hakuwahi kuulizwa mpaka tulipomuuliza sisi.

Na muwahi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na bajeti huwa imeshapitishwa kabla ya hapo. Mara ya kwanza sisi tulikwenda mwezi wa nane, tukaambiwa turudi mwakani.