Kwa Wanaoanza Kazi Kwenye Mashirika Yasiyo ya Kiserikali

Kuna jambo ambalo huenda usiambiwe kwenye semina ya kuwakaribisha wafanyakazi wapya, nalo ni kwamba mafanikio makubwa zaidi ya kupunguza umaskini hayakuletwa na mashirika yetu. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, China peke yake ilitoa karibu watu milioni 800 kwenye umaskini uliokithiri kwa muda wa miaka 40 hivi, na kilichowatoa ni mageuzi ya kilimo, viwanda na sera za serikali. Sisemi hivi kukuvunja moyo. Ila kijana anayeingia kazini akiamini kwamba mradi wake ndio utakaoumaliza umaskini huwa hachukui muda: ama anakata tamaa, ama anaanza kupamba ripoti.

Nafasi yetu ni finyu, lakini ina uzito wake. Tunaweza kuwafikia watu ambao benki haiwataki na serikali haijawafikia, tukajaribu njia ambazo serikali inasita kuzijaribu, tukapima matokeo bila kujidanganya, kisha tukawaachia wenyewe kile kilichofaa. Hapo kwenye kupima ndipo wengi wetu tunapoyumba.

Mfano ninaowapa wageni wote ni wa BRAC, shirika lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed nchini Bangladesh mwaka 1972. Kuhara kulikuwa kunaua watoto wengi, na dawa yake ilikuwa rahisi: maji safi, chumvi na sukari. Kuanzia 1980, shirika lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kuchanganya dawa hiyo kwa vitu vya jikoni kwao, chumvi ya kudonoa kwa vidole vitatu na sukari guru ya kujaa kiganjani. Mpaka 1990 walikuwa wamefikia zaidi ya kaya milioni 12. Lakini mimi kilichonivutia zaidi ni namna walimu hao walivyolipwa. Hawakulipwa kwa idadi ya nyumba walizopita. Baada ya wiki kadhaa wakaguzi walirudi kwenye baadhi ya nyumba, zilizochaguliwa bila mpangilio, wakawauliza akina mama walichokumbuka, na malipo ya mwalimu yakategemea majibu hayo. Ukimlipa mtu kwa nyumba, atapita nyumba nyingi. Ukimlipa kwa kile mama anachokumbuka, atakaa mpaka mama aelewe.

Sasa linganisha na fomu utakazokabidhiwa wiki yako ya kwanza. Nyingi zitakuuliza wangapi walihudhuria, wangapi walisaini, mafunzo mangapi yalifanyika. Zijaze, kwa sababu mfadhili anazitaka na ni haki yake kujua fedha zilikwenda wapi. Ila usijidanganye kwamba karatasi ya mahudhurio inakuambia lolote kuhusu umaskini. Inachothibitisha ni kwamba ukumbi ulijaa, na pengine kwamba posho ilikuwa nzuri.

Ukienda kutembelea kaya, usimuulize mtu kama mradi umemsaidia. Nani atamjibu mgeni aliyekuja na gari la shirika kwamba haukumsaidia? Uliza vitu vinavyoonekana. Yule mbuzi yuko wapi? Amezaa lini? Mlimuuza kwa shida gani? Mara ya mwisho chakula kilipopungua mlikopa kwa nani, na mmeshalipa? Kaa uangalie paa, mlango, vyombo, kama watoto wako shule siku hiyo au la. Majibu ya maswali haya ndiyo yatakayokuonyesha kama kaya imesogea, hata kama fomu haina mahali pa kuyaandika. Yaandike pembeni.

Jambo la pili: fukara wa kutupwa habebwi na kitu kimoja. Ukimpa mafunzo bila mtaji, anarudi nyumbani na daftari. Ukimpa mifugo bila chakula cha kumvusha miezi ya mwanzo, ataichinja au kuiuza, na mimi ningefanya hivyo hivyo. Mwaka 2002 BRAC walianza mpango unaounganisha yote: mali ya kuzalisha, posho ya kujikimu kwa muda, mafunzo, akiba, na mfanyakazi anayemtembelea mhusika mara kwa mara kwa takriban miaka 2. Mpango wa aina hiyo ulijaribiwa katika nchi 6, zikiwemo Ethiopia, Ghana na India, kwa kaya zaidi ya 10,000, na matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kwamba kwa jumla kaya zilikuwa na matumizi na mali zaidi hata mwaka mmoja baada ya mradi kufungwa. Honduras, mojawapo ya nchi hizo 6, mambo yalikwenda kombo: wengi walichagua kuku, na kuku wengi wakafa kwa ugonjwa. Kwa hiyo unaposoma andiko la mradi lenye neno mifugo, tafuta mahali palipoandikwa nani atachanja, kwa fedha gani, na nani atachanja mradi ukiisha.

Mikopo midogo nitaipitia haraka. Ina faida zake, lakini tafiti za nchi 6 zilizotoka mwaka huohuo wa 2015 hazikuona kipato cha wastani cha kaya kikipaa. Usiiuze kama muujiza.

Vikundi vya kuweka na kukopa ni habari nyingine, maana fedha ni za wanachama wenyewe. Mtindo huu ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, ukiwa mradi wa shirika la kimataifa la CARE, na leo uko nchi nyingi. Tazama sanduku lao: mara nyingi lina kufuli 3, na kila ufunguo unakaa kwa mtu tofauti, kwa hiyo hakuna anayelifungua peke yake. Fedha huhesabiwa mbele ya wote. Kazi yako hapo ni kufundisha kanuni, kuhudhuria mikutano ya mwanzo na kupunguza ziara kidogo kidogo. Afisa anayeshika daftari la kikundi kwa sababu anaandika haraka kuliko katibu amekipunguzia kikundi uwezo wa kuishi bila yeye.

Na kuishi bila ninyi si nadharia. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, mashirika mengi yalisitisha kazi na kupunguza watu ndani ya wiki chache. Kwa hiyo tangu mwezi wa kwanza jua mfadhili wako ni nani, mkataba unaisha lini, na nani mwingine kwenye eneo hilo, iwe idara ya serikali au kikundi cha wenyeji, anaweza kupokea sehemu ya kazi. Mwalike kwenye vikao mapema, si kwenye hafla ya kufunga mradi. Na siku ukipewa nafasi ya kuandika bajeti, weka kifungu cha kurudi kwenye kaya mwaka mmoja baada ya mradi kwisha. Mara nyingi ndicho cha kwanza kukatwa. Kitetee kwa kuanza nacho kidogo: kaya chache, mtu mmoja, nauli na siku kadhaa za kazi.