Nanyonyesha, na sili chochote cha mnyama: je, mwanangu yuko salama?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 29, ni Msabato, naishi Tanga. Baba alipopata kiharusi, miaka mitatu iliyopita, niliacha nyama, samaki, mayai na maziwa. Presha yangu iliyokuwa inapanda imetulia na uzito umepungua. Sasa nanyonyesha mtoto wa miezi minne, na mama mkwe anasema maziwa yangu hayana nguvu kwa sababu sipati protini. Siku hizi nyayo zinakufa ganzi na kuchomachoma, nikadhani ni uchovu wa uzazi. Nakunywa chai ya rangi kila mlo; nakula ugali, maharage ya nazi, kisamvu na mchicha. Rafiki kaniuzia unga wa mwani, anasema una vitamini zote za nyama. Je, niendelee?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda hospitali wiki hii, na mtoto umbebe. Ganzi ya nyayo ina sababu nyingi, lakini kwa mtu aliyekaa miaka mitatu bila chakula cha mnyama, mimi huwaza kwanza upungufu wa vitamini B12. Mweleze daktari unavyokula, usisubiri akuulize.

Vitamini hii hutengenezwa na bakteria, nasi huipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Maharage hayanayo, kisamvu hakinayo. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana mtu anaacha nyama akajiona mzima kabisa mwaka wa kwanza na wa pili, kumbe ghala linaisha. Wewe katikati ya hapo ulibeba mimba, ukamgawia na mtoto. Mama anayenyonyesha anahitaji mikrogramu 2.8 tu kwa siku. Ni kidogo mno, ila hakuna kinachoweza kushika nafasi yake.

Kuna jambo linalowapotosha wengi, nalo naomba ulisome mara mbili. Vidonge vya FEFO ulivyopewa kliniki ni madini ya chuma na foliki asidi, B12 haimo. Na mboga za majani unazokula zimejaa foleti, ambayo ni ndugu ya hiyo foliki asidi katika chakula. Foleti nyingi inaweza kurekebisha damu, kipimo cha wingi wa damu kikasoma vizuri, huku mishipa ya fahamu ikizidi kuharibika. Kwa hiyo ukiambiwa damu iko sawa, usigeuke kurudi nyumbani. Uliza kuhusu B12. Ikicheleweshwa sana, ganzi inaweza isiondoke tena.

Mtoto ndiye anayenikosesha raha zaidi, kwa sababu akiba yake ni ile aliyoipata kwako. Mtazame: ananyonya vizuri? Anacheka ukimchekesha? Anakaza shingo? Mtoto anayelegea, anayekataa ziwa, au anayeacha jambo alilokuwa ameshaanza kulifanya, apelekwe leo hii. Lakini usimwachishe ziwa. Ukitibiwa, kwa kawaida kwa sindano, B12 hurudi kwenye maziwa yako, na mtoto naye atapewa dozi yake akihitaji. Baada ya matibabu, ukibaki na mlo huu, kidonge cha B12 kitakuwa sehemu ya maisha yako: mikrogramu 10 kila siku, au 2,000 mara moja kwa wiki, kwa jinsi daktari atakavyokupangia.

Unga wa mwani uuache. Sehemu kubwa ya B12 inayotajwa kwenye mwani ni ya umbo ambalo mwili wa binadamu hauwezi kulitumia. Na ukizidisha mwani unazidisha madini joto, ambayo tayari unayapata kwenye chumvi ya dukani, ukaisumbua tezi ya shingo bure.

Kuhusu protini, mama mkwe asikutie hofu. Maharage, kunde, choroko na karanga pamoja na ugali au wali vinakutosha ukila vya kutosha. Chai ya rangi ndiyo ya kusogeza: inazuia madini ya chuma ya maharage na mboga yasifyonzwe. Inywe saa nzima baada ya kula, na kwenye maharage kamulia limau au kula chungwa au pera. Kalsiamu ya mchicha hufungwa humo humo, mwili ukashindwa kuifyonza vizuri, kwa hiyo ongeza sukuma wiki, ufuta na uji wa ulezi. Tui nalo lipunguze. Watu huliona la mimea wakadhani halina neno, lakini mafuta yake hupandisha kolesteroli, na wewe unaikimbia njia ya baba yako.

Faida ulizoziona ni za kweli. Utafiti wa Loma Linda huko California, uliofuatilia Wasabato wapatao 96,000 wa Marekani na Kanada, ulionyesha kwamba wanaokula mimea tu walikuwa na uzito mdogo na kisukari kidogo kuliko wanaokula nyama. Siwezi kukuambia uache kilichokutulizia presha.

Ila mtoto ni jambo jingine. Akifika miezi sita na kuanza kula, tumbo lake ni dogo na mahitaji yake ni makubwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linataka watoto wa miezi 6 hadi 23 wapate nyama, samaki au mayai kila siku. Ushauri wangu ni huo huo: yai, au dagaa waliosagwa ndani ya uji. Kama imani yako haikuruhusu dagaa, mpe yai. Na kama umeamua asile hata yai, basi asianze uji kabla hujakaa na mtaalamu wa lishe mkapanga dozi yake ya B12, chuma na zinki.