"Anayejitambua" anatambua nini?

SWALI: Nawaandikia wanafunzi wangu muhtasari wa tamthilia ya Sophocles, Mgiriki wa kale, ile ya Mfalme Oedipus. Nimeandika: "Oedipus hakujitambua, na alipojitambua alipofuka." Mwalimu mwenzangu anapinga. Anasema mtu mwenye akili za kutegua kitendawili cha Sphinx, lile zimwi lililowaua walioshindwa kukitegua, mfalme mzima, huwezi kumwambia hajitambui; niandike "hakujijua". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako amefika penyewe, ila kwa njia mbovu, na njia hiyo inanikera miaka mingi sasa. Kwake yeye kujitambua ni kuwa na akili, kazi na heshima zake. Hakuyaanzisha yeye. Tumejaziwa masikio na "binti anayejitambua", "mzazi anayejitambua", na hili linaloniudhi kuliko yote, tangazo la kutafuta mchumba: "Awe mwanaume anayejitambua."

Anatambua nini? Tangazo halisemi. Basi mpime Oedipus kwa tangazo hilo. Kazi anayo, tena ya ufalme. Akili anazo; Sphinx ni shahidi. Ana watoto wanne na anawapenda. Tauni inapowamaliza watu wa Thebes, mji anaoutawala, hakai kitako, ameshamtuma shemeji yake Delphi, kwenye hekalu la mungu Apollo, kuuliza la kufanya. Akisikia kwamba muuaji wa Laius, mfalme aliyemtangulia, yumo mjini, anamlaani hadharani na kuapa kumsaka. Jocasta, mkewe, amempata mume wa kwenye tangazo, hakupungua kitu. Na mume huyo ndiye mwanawe wa kumzaa, ndiye aliyemuua Laius, baba yake mwenyewe, naye hana habari. Neno linaloweza kumsifu mtu wa namna hiyo kwamba "anajitambua" limeacha kazi yake.

Na kazi yake tunaijua. Kutambua ni kukiona kitu ukajua kuwa ndicho. Shahidi humtambua mwizi kwenye gwaride; mama humtambua mwanawe kwa kovu. Humo ndimo zilimotoka tambulisha na kitambulisho. Kitambulisho cha Oedipus kiko miguuni: alitobolewa vifundo akiwa mchanga, akapelekwa kutupwa mlimani, na jina lake kwa Kigiriki ni "mguu uliovimba". Amekibeba umri wote bila kukisoma. Kujua ni hali, mtu hukaa nayo. Kutambua ni tukio, lina saa yake. Ndiyo maana aliyezimia tunasema hajitambui, na akizinduka amejitambua, hatumsifu tabia.

Tamthilia nzima inaisubiri saa hiyo. Tiresias, mtabiri kipofu, anamwambia mapema kwamba ana macho na haoni anaishi na nani. Oedipus anamtukana: kipofu wa macho, wa masikio na wa akili. Mjumbe kutoka Corinth, mji alikolelewa Oedipus, anapoeleza habari za vifundo, Jocasta anatambua kabla yake. Anamsihi asiulize zaidi, anamwombea asijue kamwe yeye ni nani. Oedipus anauliza. Mchunga kondoo mzee, yule aliyepewa mtoto akamtupe, anabanwa mpaka anasema, na hapo Oedipus anajitambua, kwa mara moja. Mwanafalsafa Aristotle aliusifu sana utambuzi huu kwa kuwa unakuja pamoja na kupinduka kwa mambo yake yote.

Kwa hiyo andika "hakujijua" kwa miaka yote ya nyuma, na "alijitambua" kwa saa ile moja. Kuhusu "anayejitambua" wa matangazo, sitamzuia. Ameshaingia redioni na kwenye mahubiri, na wanaochumbiana waelewane wenyewe. Darasani kwako asiingie.

Kosa lako wewe liko mwishoni, na mwenzako hakuliona: "alipofuka". Anayepofuka ni yule ambaye macho yamemharibikia, kwa maradhi au uzee. Oedipus alichomoa pini za vazi la Jocasta akajichoma macho, tena na tena. Wazee wa Thebes wakamuuliza ni mungu gani aliyemsukuma. Akajibu kwamba mateso yake yametoka kwa Apollo, lakini mkono uliopiga ulikuwa wake mwenyewe. Andika "alijipofua".