Msimu wa majani kupukutika kwenye makao ya wazee: wape kazi, acha maonyesho

Mwaka wangu wa kwanza kusimamia shughuli za wazee niliandaa sherehe ya msimu wa majani kupukutika, na ikaniumbua. Nilipamba ukumbi mzima, nikatafuta mpiga kinanda, nikapanga tuanze saa kumi na moja jioni ili jamaa zao wapitie wakitoka kazini. Ilipogonga saa kumi na mbili, nje giza totoro. Bibi mmoja analia, anataka kwenda kwake kabla watoto hawajarudi shule, na hao watoto wenyewe sasa wana wajukuu. Mzee mwingine amechomoa vifaa vyake vya kusikilizia na kuvitia mfukoni kwa sababu kinanda kilikuwa kinamtoboa masikio. Waliobaki wamesinzia. Jamaa walipiga picha, wakaaga. Nikabaki nabandua maputo.

Kosa la kwanza lilikuwa saa. Wazee wengi wenye dimenshia, yaani ugonjwa unaofifisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, huvurugika jua linapoelekea kutua, na katika msimu huu jua linawahi kutua kila siku, kwa hiyo ile saa ngumu nayo inasogea mapema. Siku hizi jambo lolote la watu wengi naliweka saa nne asubuhi, liishe kabla ya chakula cha mchana. Mchana ukianza kufifia nawasha taa zote na kufunga mapazia, kabla dirisha halijageuka kioo cha kujitazamia. Tulikuwa na mzee aliyekuwa akimfukuza kwa mkongojo "yule bwana anayetuchungulia". Bwana mwenyewe alikuwa yeye. Na usione uchoyo wa taa: jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha takriban theluthi moja tu ya mwanga unaopita kwenye jicho la kijana wa miaka 20. Chumba unachokiona wewe kina mwanga wa kutosha, mwenzio anapapasa.

Kosa la pili ndilo lililoniuma zaidi: niliwaketisha kama watazamaji. Mtu aliyelea watoto sita au kujenga nyumba kwa mikono yake, unamweka kwenye kiti umchezee kinanda, halafu unashangaa anasinzia?

Mwaka uliofuata niliingia na kikapu cha majani, nikayamwaga mezani juu ya magazeti, nikasema ukweli: nataka kuyakausha na sijui nichague yapi. Mezani walikuwa watu sita. Zaidi ya hapo wasiosikia vizuri hupotea kwenye mazungumzo, hata redio nilikuwa nimeizima. Mmoja wao alikuwa fundi seremala mstaafu ambaye kila nikimwalika popote alinijibu, "Asante, nimechoka." Akaokota jani moja, akalipitisha kidole gumba kwenye mshipa wa kati, taratibu, kama anayepima ubao. "Hili bado lina maji. Litaota ukungu." Akalitupa pembeni. Akachukua la pili. Baada ya robo saa alikuwa msimamizi: huyu anapanga, yule anafuta matope, mimi natumwa kuleta vitabu vizito vya kukandamizia. Nilipotaka kuweka majani mawili yakipandana, alinipiga kikofi kidogo cha mkono.

Majani hayo hulazwa katikati ya magazeti, karatasi inabadilishwa baada ya siku mbili hivi, na kwa wiki moja huwa yamekauka. Faida yake hapo ni kubwa kuliko unavyodhani, maana kesho kuna kazi inayowasubiri, na keshokutwa pia. Ubishi nao haukukosekana. Niliwaeleza kwamba manjano huwa imo ndani ya jani muda wote, inaonekana tu kijani kikitoweka, ila wekundu hutengenezwa upya msimu wenyewe ukifika. Bibi mmoja alikataa katakata na hadi leo hajakubali.

Tahadhari mbili tatu. Usilete mbegu za kuokota wala matunda ya plastiki ya mapambo mezani penye mtu mwenye dimenshia, kwani nimewahi kumkuta mtu akitafuna. Nje watoeni hata kwa dakika kumi, lakini majani yaliyolowa huteleza kama sabuni, kwa hiyo njia ifagiliwe kwanza. Ukitaka kujua kama mzee anasikia baridi, mshike mkono badala ya kumuuliza, maana wengi hawaihisi mpaka imewaingia, na wengine watakuambia hawajambo ili wasikusumbue.

Kuhusu ratiba: chanjo ya mafua huhitaji kama wiki mbili ndipo kinga ikamilike, hivyo mikusanyiko mikubwa yenye wageni ipangeni baada ya hapo, na mgeni mwenye kikohozi abaki nyumbani hata kama amenuna. Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Kimataifa ya Wazee. Nzuri kwa kualika watoto, mradi kila mtoto aje na swali la kumuuliza mzee badala ya wimbo wa kumwimbia. Na pale saa zinaporudishwa nyuma kwa saa moja, baada ya kusogezwa mbele kwa ajili ya kiangazi, ambapo kwa Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kwa Marekani ni Jumapili ya kwanza ya Novemba, wiki ile mimi siongezi kitu chochote kipya. Giza linawahi kwa saa nzima ghafla, na miili haisomi kalenda. Chai ileile, meza ileile, na nguo za kukunja kwa anayependa kukunja.

Jamaa nao wamepata zamu yao. Mtoto wa yule seremala alipokuja Jumamosi akauliza akae wapi na babaye wazungumze, nilimpa ufagio. Walitoka wote wawili kwenda kusafisha njia, mmoja akifagia, mwingine kwenye kiti cha magurudumu akimwonyesha alipoacha.