Kibao shingoni kimewafanya mabubu

SWALI: Nafundisha Baiolojia kidato cha kwanza, Ilemela. Shuleni ni Kiingereza tupu. Anayeteleza anavishwa kibao shingoni. Nikiuliza swali, darasa zima kimya. Nifanyeje?

JIBU: Pole, mwalimu. Kibao kitoe. Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili, na nyumbani ni Kisukuma au Kikerewe, kibao kinamfundisha kunyamaza tu.

Sheria ya Kiingereza ifuate hatua za kipindi. Kwa somo la samaki, leta sato mbichi kutoka soko la samaki la Mwaloni, mfunue matamvua, yaani viungo vyake vya kupumulia. Dakika tano, wawili wawili, wajadili kwa lugha yoyote kwa nini ni mekundu na yana nyuzi nyingi. Kisha andika ubaoni maneno sita ya Kiingereza na mwanzo wa sentensi. Kila jozi iimalizie na kuisoma kwa sauti. Hapa Kiingereza ni lazima, maana mtihani wa taifa utakuja kwa lugha hiyo. Walimu wengi huruka hatua hii, wakaishia kutafsiri wao kipindi kizima.

Jozi zibadilishwe kila wiki, Wasukuma wasijifungie peke yao na Mjita mmoja akabaki mtazamaji. Na anayechanganya r na l, msahihishe daftarini, si mbele ya wenzake.